Sema Ulichosikia, Usiongeze

Wadogo zangu wazalisha wa maternite, siku ile mliponiaga mlinipikia lituma ya ndizi na samaki ya moshi, mkanifunga kiunoni liputa mpya ya kitenge, halafu mmoja wenu akaniuliza mbele ya watu wote: "Mama Georgette, imani yako ulijenga namna gani? Kwa Neno ao kwa Roho?" Mdomo wangu ulikuwa umejaa lituma. Nilimeza, nikacheka, nikasema nitajibu siku nyingine, nanyi mkapiga makofi utafikiri nimehubiri. Sasa nimekaa hapa Mangobo, mguu umevimba, kuku wananizunguka wakidhani nina mahindi, na kisingizio sina tena. Basi nijibu. Vyeo sitavitaja, maana hakuna cheo kilichowahi kuzalisha mtoto.

Nilifika Kisangani kutoka Kindu, msichana mwenye diploma mpya na viatu vinavyobana. Toleka aliyenibeba kwenye baiskeli yake alipotea njia, akanishusha mbele ya kanisa lingine kabisa, nikaingia nikadhani ni mahali pangu pa kazi, nikaimba nao nyimbo mbili kabla ya kugundua kwamba pale hakuna kitanda hata kimoja. Nilipofika maternite yenu jua lilikuwa limeshapanda. Mlangoni alisimama Mama Bolumbu, mkuu wa wazalisha, mwanamke wa mto, mzaliwa wa Yanonge, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka pirogi hadi pirogi katikati ya mto. Diploma yangu hakuiangalia.

"Masikio yako iko mazima?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Tutaona."

Akanipa pembe. Ninyi siku hizi mna kile kimashine cha umeme kinachopaza moyo wa mtoto chumba kizima, na ni kizuri sana mpaka betri iishe, yaani karibu kila wiki. Pembe haina betri. Ni mti uliochongwa, upande mpana unakaa juu ya tumbo la mama, upande mwembamba unakaa sikioni mwako, na mikono yote miwili unaiondoa. Kifuani Mama Bolumbu alikuwa amebana saa yenye mshale wa sekunde. Vitu vile viwili, pembe na saa, hakukubali vitengane.

"Sikio bila saa inasikia kile moyo inapenda," alisema. "Na saa bila sikio inahesabu bure. Unaelewa?"

Nilisema naelewa. Sikuelewa kitu.

Siku za kwanza niliinama juu ya matumbo nikasikia mambo mengi: utumbo wa mama, damu yangu mwenyewe, mvua juu ya mabati, polisi wa barabarani wakigombana na wapanda pikipiki. Mtoto sikumsikia. Kila mara Mama Bolumbu aliuliza, "Unasikia nini?" na kila mara nilijibu, "Sisikii kitu, Mama." Wageni wenzangu kazini walikuwa wanajibu vizuri kuliko mimi. Kumbe yeye alifurahi. Aliniambia baadaye kwamba mtu anayeweza kusema "sisikii" anafundishika.

Halafu asubuhi moja, juu ya tumbo la mama mmoja wa Lubunga aliyekuja na kuku wawili kwenye kikapu, nikasikia. Mbali sana, haraka haraka, kama mtu anayetwanga majani ya pondu nyumba ya tatu. Nilisimamisha pumzi. Mle ndani, gizani, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona alikuwa anafanya kazi yake bila kuambiwa. Machozi yalinitoka juu ya tumbo la yule mama hata akaniuliza kama mtoto ana ubaya. Nikamwambia hapana, mtoto yuko, ndiyo hiyo tu, yuko. Nimesikiliza mioyo ya watoto maisha yangu yote baada ya hapo na sijawahi kuzoea, na ninyi nawaombea msizoee.

Sasa nije kwenye swali lenu. Mnajua desturi ya nyumba ile: kabla ya zamu ya usiku kukabidhi zamu ya mchana, tunasali. Wakati wa Mama Bolumbu, Biblia ilisomwa kwanza, polepole, sura nzima hata kama ni ya majina. Baada ya hapo, mwenye ndoto au neno alilopewa katika maombi alisimama akalisema. Kisha ndipo tukakabidhiana wagonjwa. Na kanuni ilikuwa moja kwa yote mawili, kwa ndoto na kwa wagonjwa: "Sema ulichosikia. Usiongeze."

Kwa mgonjwa ilikuwa rahisi. Hukuruhusiwa kusema "mtoto yuko vizuri." Ulisema umesikia moyo, upande gani, na saa ilisema nini. Kwa ndoto ilikuwa kazi. Nakumbuka mwenzetu mmoja alisimama kwa kishindo: "Mungu amesema tufunge wiki nzima!"

"Alisema namna gani?" Mama Bolumbu akauliza.

"Nililota."

"Ulilota nini?"

"Sahani. Ilikuwa mutupu."

"Bon. Basi ulilota sahani mutupu. Jana ulikula?"

Mwenzetu akaketi. Tulicheka mpaka wagonjwa wakaja kuchungulia. Lakini msifikiri Mama Bolumbu alikuwa anadharau ndoto. Yeye mwenyewe aliacha kuuza samaki akaja kusomea uzalisha kwa sababu ya sauti aliyoisikia akiwa peke yake katikati ya maji, na aliposimulia alishusha ile sauti yake kubwa mpaka tukasogea kumsikia. Aliheshimu sana kitu kinachotoka kwa Mungu, ndiyo maana hakutaka mtu akipake rangi. Ndoto ya sahani aliiacha ilale. Aliiombea, akaisoma pamoja na Maandiko, na baada ya siku kadhaa alituambia tu: "Chunguzeni kama kuna mgonjwa hapa hana mtu wa kumuletea chakula." Tukachunguza. Alikuwepo, kitanda cha pembeni, mwanamke kutoka Bafwasende, alikuwa anakunywa maji na kusema ameshiba.

Mimi mwenyewe kanuni ile iliniingia kwa maumivu. Ilikuwa miaka michache baadaye. Mtoto alizaliwa mdogo, kabla ya wakati wake, tukamfunga kifuani pa mama yake, nami nikapiga magoti pale kando kuomba. Wadogo zangu, chumba kilijaa. Sina neno lingine. Amani ilishuka, nzito, na yule mama akafumbua macho akanitazama, nikajua kwamba na yeye ameisikia. Nikasimama nikamwambia, "Mtoto wako ataishi." Alikufa kabla ya chakula cha mchana.

Nilikasirika na Mungu vibaya sana. Asubuhi za sala nilikuwa nachemsha vyombo, eti kazi ni nyingi. Mama Bolumbu aliniacha, akaniacha, mwishowe akaja akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kando ya jiko.

"Siku ile ulisikia nini?"

"Mungu alinidanganya, Mama."

"Sikukuuliza ile. Ulisikia nini?"

"Amani."

"Ulisikia 'ataishi'?"

Nilifikiri. Maji yakachemka yakamwagika. "Hapana."

"Basi ile 'ataishi' ilisemwa na nani?"

"Na mimi."

Hakunigombeza. Alitoa Biblia yake mfukoni mwa aproni, akanisomea ile zaburi ya mchungaji ambayo kila mtoto wa shule ya Jumapili anaijua. Akanionyesha kwa kidole: pale kwenye bonde la giza, hakuna ahadi kwamba hutapita. Ahadi ni kwamba yuko pamoja na wewe. "Alikuja," akasema. "Aliingia mule ndani yenye mutoto ilikuwa inakufa, akakaa na ninyi. Na wewe ulitaka akulipe kwa kuja kwake?" Niliweka kichwa juu ya magoti yake, nikalia. Tangu siku ile naogopa, ile hofu nzuri. Mungu anaingia hata chumba ambacho hatatoa kile tulichoomba. Nikifikiria jambo hilo mpaka leo nywele zinanisimama.

Mama Bolumbu alipozeeka alirudi Yanonge kwa ndugu zake, na huko ndiko alikozikwa. Pembe na saa aliniachia mimi. Miaka ikapita, wengine wenu mkaja, wengine mlizaliwa mikononi mwangu na mnajifanya hamjui. Sasa nisimulie ya Furaha, maana wengi mlikuwa zamu nyingine na mmesikia habari yenye vichwa viwili.

Furaha alikuwa binti wa mto, kutoka kijiji kilicho karibu na Yanonge. Mumewe alikuwa amesafiri na balenyere, ile mashua ndefu ya injini, kuelekea chini ya mto. Mimba ya kwanza ilimtesa nyumbani muda mrefu, na mtoto akatoka akiwa ameshakufa. Hii ilikuwa ya pili. Alikuja na shangazi yake aliyemlea, Tante Sifa, kiongozi wa waombezi katika kanisa lao, mwanamke mrefu, kitambaa cheupe kichwani, Biblia kwapani. Asubuhi ile uchungu ulikuwa mkali lakini mtoto hashuki. Kichwa kimekaa vibaya, kimekwama. Dokta wetu alimpima, akatoka nje, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, huyu tunapasua. Na tusichelewe."

Nilirudi nikamwambia Furaha. Kabla hajafungua mdomo, shangazi akasimama.

"Hapana. Banipe ruhusa ya kusema. Huyu Mungu alishasema juu yake mu ndoto. Atazaa sawa banawake ba Kiebrania. Kisu haitamugusa."

Mnalijua neno hilo. Kila mwanamke mwenye mimba katika mji huu ameombewa hivyo, mimi pia: uzae kama wanawake wa Kiebrania, wale wenye nguvu, waliojifungua kabla mzalisha hajafika. Ni ombi zuri. Mimi nasema amina kila siku. Lakini Furaha alikuwa amelishika kama mtu anayeshika ukingo wa pirogi iliyopinduka. "Sitaki banipasule, Mama," alisema. "Nikikubali, nimekana Mungu. Atanihesabia, mutoto atakufa tena."

Hapo ndipo nikaelewa. Hakuwa anaogopa kisu. Aliogopa kumpoteza Mungu na mtoto kwa mara moja.

Dokta alikuwa mlangoni, amekunja uso, karatasi ya kukataa matibabu tayari mkononi. Nilimwambia, "Dokta, andaa chumba cha upasuaji. Washa groupe ya umeme. Mimi nipe muda kidogo tu." Alinitazama, akaenda. Namshukuru, kwa sababu angeweza kubaki kutugombeza na muda ukaisha bure.

Sikubishana na unabii. Nikamwambia Tante Sifa, "Mama mwombezi, wewe una sikio la kusikia. Njoo." Nikaweka pembe juu ya tumbo la Furaha, nikamwinamisha pale. Mimi nikashika saa.

"Unasikia?"

Alitulia. Kisha macho yakamfumbuka. "Yesu! Minamusikia. Iko inapiga."

"Baki hapo. Uchungu unakuja. Sema tu unachosikia, usiongeze."

Uchungu ukaja, Furaha akauma liputa. Shangazi alikuwa ameinama, na mimi nikaona uso wake ukibadilika.

"Inapunguza," akasema. "Inapunguza, Mama. Inakuwa... moja... moja..." Halafu, "Imerudia. Polepole."

"Nami saa inaniambia hivyo hivyo. Huyu mtoto anachoka, Tante. Sasa nifungulie mahali penye wale wanawake wa Kiebrania. Nisomee mwenyewe."

Alifungua kitabu cha Kutoka bila kutafuta. Akasoma. Nikamwuliza, hilo neno la wanawake wenye nguvu linasemwa na nani? Akatazama. "Na bazalisha." Wanamwambia nani? "Farao." Kwa nini? Akasoma nyuma, akasoma mbele. "Kwa kuokoa batoto. Balikuwa banaficha batoto basiuliwe." Na Mungu aliwafanyia nini hao wazalisha? Alisoma mpaka pale Mungu anapowatendea mema na kuwajalia nyumba zao, kisha akaweka kidole juu ya mstari. Alikuwa ametumia maneno ya wazalisha kuwafukuza wazalisha, na akaliona mwenyewe, sikuhitaji kumwambia. Habari ya Raheli, Mwebrania aliyefia njiani akizaa, sikuigusa. Kuna maandiko ya darasani na kuna maandiko ya kando ya kitanda.

"Lakini ndoto, Tante?" Furaha akalia. "Ile ndoto?"

Nikaketi kitandani. "Mwanangu, uliota nini? Wewe mwenyewe."

"Nililota naenda ku libongo," akasema, akimaanisha pale balenyere zinapofunga kamba. "Nabeba mutoto hapa mbele. Nimejifunika liputa ya mweupe. Tante iko nyuma yangu."

"Kisu kilikuwepo?"

"Hapana."

"Sauti ilisema hutapasuliwa?"

Akamtazama shangazi yake. Nje groupe ikaanza kunguruma.

"Mimi njo nilisema," Tante Sifa akajibu. Ile sauti ya kuongoza maombi ilikuwa imekwisha. "Liputa ya mweupe. Nilisema mweupe ni bila damu. Bila damu ni bila kisu. Hata liputa ya mweupe hana, nikajua ni mufano tu." Akapiga magoti, akashika uso wa Furaha kwa mikono miwili. "Mwana wangu, niliongeza. Wewe uliona mutoto. Kisu ni ya kwangu. Mungu hakusema."

"Basi nikienda, simukani Mungu?"

"Nenda. Minabaki naomba."

Furaha akanigeukia. "Twende, Mama. Mbio."

Tulienda mbio. Sitawasimulia upasuaji, mnaujua. Mtoto alitoka wa bluu, mlegevu, mimi nikampokea, nikamfuta, nikampulizia hewa. Nyuma ya mlango nilisikia Tante Sifa anaomba, na hakuwa anatangaza kitu tena, alikuwa anaita jina la Yesu tu, tena na tena. Na ile amani ikashuka, wadogo zangu. Ile ile ya siku ya mtoto mdogo, nikaitambua kama unavyotambua hatua za mtu wa nyumbani. Safari hii sikuiuliza chochote. Nilisema moyoni, umekuja, karibu, na mikono ikaendelea na kazi. Mtoto akakunja uso, akapiga chafya, akalia kilio cha hasira kilichomfanya dokta acheke ndani ya barakoa yake. Msichana.

Lakini sikuanza kuandika kwa ajili ya kilio kile.

Siku ya kutoka, nilikuwa nimemaliza zamu, nikasema niwasindikize mpaka mtoni, maana mumewe Furaha alikuwa amefika na balenyere yao. Tulipofika mteremko wa libongo nilibaki nyuma kidogo kwa sababu ya huu mguu. Wauzaji wa kwanga ya muhogo walikuwa wanapiga kelele, mto umejaa, jua la asubuhi juu ya maji. Furaha alitangulia, akishuka pole pole, mtoto kifuani. Tante Sifa nyuma yake, mkono tayari kumshika asiteleze.

Na Furaha alikuwa amejifunika shuka nyeupe.

Ilikuwa shuka ya chumba cha upasuaji. Maputa yake yalikuwa yameharibika kwa damu siku ile, na mtu wa kufua, bila kumwuliza yeyote, alimpa ile aende nayo. Niliikunja mimi mwenyewe asubuhi ile. Niliikunja kwa mikono yangu na sikuona kitu.

Nilisimama katikati ya watu na vikapu vyao, nikaweka mkono mdomoni. Ndoto ilikuwa kweli. Tangu mwanzo ilikuwa kweli yote, mtoto, mteremko, shangazi nyuma, na ile nguo ambayo isingepatikana kwake bila kupitia mlango ule ule tuliotaka kuufunga kwa jina la ndoto hiyo hiyo.

Tante Sifa aligeuka kunitafuta. Akaniona nilivyosimama. Akatazama shuka, akanitazama mimi, na nikaona ameelewa wakati ule ule. Akapanda mteremko mpaka nilipokuwa, akanishika mkono.

"Mama, unaona?"

"Naona," nikasema, na nikafungua mdomo niendelee, maana nilikuwa na mahubiri mazima tayari.

Akanibana vidole.

"Nyamaza, Mama. Hapana ongeza."

Tukasimama pale, wanawake wawili wazee, tukitazama kitu cheupe kikiingia ndani ya balenyere.